Mkunjo wa Thelathini na Moja

Ukimpelekea Mama Mgongo kitabu kilichochanika, hatakuuliza kinahusu nini. Atakigeuza, atakigongagonga kwa kidole kama daktari anayepima kifua cha mtoto, kisha atasema, "Nionyeshe mgongo." Jina alilipata hapo, na wala halimuudhi. Mtaani kwao pana fundi viatu, fundi saa na fundi redio, huyu wa mwisho akiwa mume wake mwenyewe, lakini fundi wa kujalidi vitabu ni mmoja tu, na mmoja huyo anajijua.

Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha pana linalotazama barabara ya shule. Kulia pana meza ndefu ya mama, jiriwa la chuma la kubania vitabu, kopo la gundi, bonge la nta ya kupaka uzi, na mawe mawili laini ya kukandamizia karatasi. Kushoto pana rafu za mzee, zimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. "Mke wangu anashona, mimi nachomelea," mzee huwaambia wateja. "Tukikosa kazi tutafungua hospitali."

Mama Mgongo hana haraka na kitabu. Kitabu cha kweli, atakuambia, kinashonwa. Karatasi hukunjwa mafungu mafungu, kila fungu likiwa na kurasa thelathini na mbili, na fungu hilo yeye huliita mkunjo. Mikunjo hupangwa kwa zamu, hutobolewa, hupitishiwa uzi wenye nta mmoja baada ya mwingine, na gundi huja mwisho kabisa. "Gundi ni msaidizi," husema. "Fundi anayekugandishia kurasa kwa gundi tupu, muulize anahama lini." Miaka thelathini alikuwa kwenye meza ile, na kwa hesabu yake hakuna kitabu chake hata kimoja kilichowahi kurudi. Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba mzee alikuwa akilimalizia kwa midomo tu, bila sauti, huku akichomelea waya.

Alikuwa pia na mchezo wake. Akishamaliza kazi, hukisimamisha kitabu kwa mgongo juu ya meza, akakishika kwa viganja viwili, kisha akakiachia. Kitabu hufunguka chenyewe pale kilipozoea kusomwa. Kwa namna hiyo aliwajua watu wa kanisani kwao kuliko mchungaji alivyowajua. Biblia ya mwalimu mmoja mstaafu ilifunguka kwenye zaburi za kuomboleza, na mama akaanza kumpitia nyumbani kumjulia hali. Ya shemasi wa kwaya ilifunguka kwenye ramani za nyuma. Mama alicheka wiki nzima, na kila shemasi alipopanda mbele kwa mwendo wake wa heshima, yeye alikohoa ndani ya leso.

Ya kwake mwenyewe aliijaribu mara moja tu. Ilifunguka palepale panapomsifu mke hodari ambaye mikono yake hailali na ambaye kazi zake zinamsifu hadharani. Mzee aliona, akafungua mdomo. "Usiseme," mama akasema, na hakuijaribu tena.

Sasa tusimpambe mtu. Palikuwa na doa, na doa hilo lilikuwa wifi yake, dada mdogo wa mzee. Zamani walikuwa wawili kwenye meza ile. Wifi alikuwa na mkono mwepesi wa sindano, mwepesi kuliko wa mama, na mama alilijua hilo ingawa hakulisema. Siku moja mwalimu mkuu wa sekondari alirudisha kamusi waliyomjalidia. Mkunjo mzima ulikosekana katikati. Herufi moja karibu yote haikuwemo. Kamusi ile alikuwa ameishona wifi. Mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, Mama Mgongo aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hii si kazi yangu. Mkono wangu mimi unajua kuhesabu."

Wifi alivua aproni, akachomeka sindano yake kwenye nta, akatoka. Hiyo ni miaka saba. Tangu hapo alikuwa akishona mikoba na miavuli kwenye kibaraza karibu na stendi ya mabasi, na watoto wa sekondari walimpachika jina: Mla Kamusi. Kanisani aliacha kuja. Wakikutana njiani, mawifi hawa walisalimiana kama watu wawili walio kwenye foleni ya benki. Mzee alimtembelea dada yake kila Jumamosi, na akirudi aliendelea na redio zake. Na kamusi ile, ukiuliza, haikuhesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyorudi.

Kisha ikaja kazi ya Biblia kubwa ya mimbarani. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka sitini, na Biblia ile ilikuwa na umri uleule, imechoka, mgongo umevunjika mara mbili. Wazee wa kanisa hawakujadili nani apewe. Mama Mgongo aliifumua yote, akapata mikunjo arobaini na miwili, akaisafisha mmoja mmoja. Mkunjo wa thelathini na moja ulikuwa umechanika pembeni. Akaupaka uji mwepesi wa wanga, akaubandika karatasi nyembamba, akaulaza kati ya mbao mbili ukauke bila kujikunja.

Alasiri hiyohiyo mchungaji na wazee wakaja kutazama kazi. Walishika ngozi ya jalada, wakapitisha vidole, wakatikisa vichwa. "Mama, mikono hii imebarikiwa," mchungaji alisema, na mama akawasimulia namna alivyoipata ngozi ile, kisha akawasimulia tena. Walipoondoka alikuwa bado anatabasamu. Desturi yake ilikuwa kuhesabu mikunjo mara tatu na kuiandika namba kwa penseli kwenye pembe. Siku hiyo aliitazama tu. "Nihesabu nini?" alijiambia. "Hii naijua kama wanangu." Akatia uzi kwenye sindano.

Jumapili ya sherehe Biblia ilipita katikati ya watu ikiwa imebebwa mikononi, ngozi inang'aa, herufi za dhahabu mgongoni. Watu walipiga makofi. Mama Mgongo alisimama na kitenge kipya, na ndani ya jalada la nyuma ulikuwepo mhuri wake mdogo wa wino wa buluu. Mzee aliwaambia watu wa benchi lao na la nyuma yake kwamba huyo ni mke wake, kana kwamba palikuwa na asiyejua.

Miezi kumi na moja ikapita.

Mzee ndiye aliyeukuta. Alikuwa na redio moja kubwa ya majaribio, ambayo kutwa nzima ilipiga nyimbo za kwaya, na alikuwa ameiweka juu ya mbao mbili alizozikuta mezani kwa mke wake kwa sababu meza yake mwenyewe iliyumba. Asubuhi ya Jumatatu aliinyanyua ili afagie. "Mama watoto," akaita, "mbao zako hizi zina karatasi ndani."

Mama alijua kabla hajagusa. Alizitenganisha mbao, na mkunjo ukawa umelala pale, umenyooka vizuri, kiraka kimekauka bila kasoro. Akakaa kwenye kigoda. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni, lile joto la mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ni wa mteja?" mzee akauliza.

"Ni wa Mungu," akasema, na mzee, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akakosa utani.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kumtuliza: hakuna anayejua. Miezi kumi na moja, Jumapili baada ya Jumapili, Biblia ile imefunguliwa mbele ya mchungaji, wazee, mashemasi na kwaya tatu, na hakuna aliyesema, "Jamani, hapa pamekatika." Wazo la pili likamchoma zaidi. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyekwenda kutafuta. Na yeye mwenyewe, aliyezishika kurasa zile kwa vidole vyake, akazisafisha na kuzibandika kiraka, hakuwa na habari zinasema nini.

Njia mbili alikuwa nazo, na zote alizijua kifundi. Ya halali ilikuwa kuifumua Biblia yote upya, uzi wote, ngozi yote, mbele ya macho ya kanisa zima, na kueleza kwa nini. Ya pili ilikuwa mstari mwembamba wa gundi. Alikuwa na ruhusa ya kuifuta vumbi Biblia ile wakati wowote. Angeingia, angepaka, angechomeka, angebana kwa dakika ishirini, na jina lake lingebaki pale lilipo. Kurasa zingedumu mwaka mmoja, labda miwili. Akaamua Alhamisi atakwenda na gundi.

Lakini kwanza akafungua mkunjo, asome. Tuwe wakweli: alitaka kuona kama zilikuwa kurasa zinazostahili aibu. Moyoni alitarajia orodha ya majina au mipaka ya mashamba, vitu ambavyo Bwana mwenyewe angemsamehe mtu kwa kuviruka.

Akakutana na mchunga mifugo. Alikuwa mmoja wa wale manabii wafupi ambao majina yao watoto huyaimba kanisani kwa mpigo mmoja bila kupumua. Mtu huyu alisema waziwazi kwamba yeye si nabii wala mtoto wa nabii, kwamba alikuwa akichunga na kutunza miti ya matunda, na Mungu akamtoa kazini. Mama Mgongo akasogeza kigoda. Mtu wa kazi za mikono! Miaka yote mtu huyu ameishi humo ndani na hakuna aliyemwambia mama.

Mchunga mifugo hakuwa na maneno matamu. Alikuwa akisema na watu waliokuwa wakiabudu kwa mbwembwe, huku mnyonge wakimkanyaga mlangoni, na Mungu akiwaambia wamwondolee kelele za nyimbo zao. Redio ya mzee ilikuwa inapiga kwaya kwa nguvu zote. Mama aliisoma sehemu ile kwa sauti. Mzee akasikiliza, kisha akanyoosha mkono akaipunguza redio mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyeshikwa.

Kisha akafika kwenye ukuta. Mungu amesimama kando ya ukuta, na mkononi ana timazi, ule uzi wa waashi wenye kipande cha risasi chini, unaoning'inizwa kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelala. Mama akaacha kusoma. Uzi aliujua. Maisha yake yote alijiona ni yeye anayeshika uzi; watu na vitabu vyao walikuwa ukuta. Sasa uzi ulikuwa umeshikwa na mwingine, umeshuka kimya mbele yake, na aliona kwa macho yake mahali alipoinamia. Aliona kamusi. Aliona sindano imechomekwa kwenye nta.

Asubuhi ya Jumanne akasoma tena kabla ya kufungua dirisha, na Jumatano vivyo hivyo. Sala zake zilikuwa ndefu siku zote, zenye mpangilio, zenye kuwataja wagonjwa kwa zamu. Siku hizo sala zilikuwa fupi. "Bwana," alisema, "miaka thelathini mimi ndiye nakishika kitabu chako. Sasa kinishike chenyewe."

Na Alhamisi akachukua gundi. Msimshangae. Mtu huguswa moyo Jumatatu, na Alhamisi bado ana gundi mkobani.

Kanisani alimkuta Mzee wa Kengele akifagia. Huyu ndiye aliyepiga kengele, aliyefungua na kufunga, aliyejua kila benchi linalolia. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa ya paka. Mama akasalimia, akapanda mimbarani na kitambaa chake, akafungua Biblia palepale penye pengo. Ushonaji wake ulimtazama, umekaza, umenyooka, wa kujivunia. Upande wa kushoto sentensi ilianza. Upande wa kulia palikuwa na nabii mwingine kabisa, anazungumza habari nyingine kabisa. Hata mtoto angeona.

"Mama," Mzee wa Kengele akaita kutoka chini, "maadamu umeifungua, nisomee kidogo. Mimi siku hizi nasikia tu, kusoma kumenitupa mkono."

"Nikusomee wapi, mzee?"

"Popote. Hapohapo ulipofungua."

Hapohapo alipofungua hapakuwa na kitu. Mama akatoa mkunjo mkobani, akaulaza mahali pake, akasoma. Alisoma pale mchunga mifugo anaposema kwamba siku zinakuja ambapo nchi itashikwa na njaa, na njaa hiyo si ya chakula wala kiu yake si ya maji, ni ya kulisikia neno la Bwana. Watu watatangatanga kulitafuta wasilipate. Fagio chini likasimama.

"Hiyo sijawahi kuisikia humu ndani," Mzee wa Kengele akasema. "Nami nina miaka arobaini kwenye kamba ya kengele. Umeitoa wapi?"

Angeweza kusema, "Kwenye Biblia, mzee," na isingekuwa uongo. Badala yake akakaa kwenye ngazi ya mimbari, mkunjo mapajani, akamwambia yote: mbao, redio, hesabu ambayo hakuihesabu. Alipofika kwenye gundi, akaitoa tu chupa akamwonyesha.

Mzee wa Kengele akaanza kucheka, cheko la mtu mzima lenye kikohozi ndani. "Miezi kumi na moja neno halimo," akasema, "na hakuna tumbo hata moja lililonguruma! Hata la mchungaji!" Akajifuta macho. "Haya, mama. Utagandisha?"

"Unasemaje wewe?"

"Mimi kazi yangu kengele."

Mama Mgongo alifunga chupa ya gundi, akafunga Biblia, akarudi nyumbani na mkunjo wake.

Jumamosi mzee alipovaa kofia kwenda kwa dada yake, mama alimtangulia mlangoni. "Leo nakwenda mimi," akasema. Mzee alivua kofia, akakaa, akachukua redio ambayo haikuwa na ubovu wowote akaanza kuifungua.

Wifi alikuwa kwenye kibaraza chake, mwavuli mweusi umemfunika magoti, sindano mdomoni. Alimwona, akaitoa sindano. "Karibu wifi. Una mkoba uliokatika?"

"Sina. Shikamoo ningekupa, ila mimi ndiye mkubwa, itakuwa kichekesho." Mama alikuwa akijaribu utani na hakuuweza. Akautoa mkunjo na kuuweka juu ya mwavuli. "Huu ni wa Biblia ya mimbarani. Niliusahau. Sikuhesabu."

Wifi aliuchukua, akaupima kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye kiraka kwa namna ambayo ni fundi tu hufanya. "Kiraka kizuri," akasema. "Umekuja nikusaidie kuficha?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Kesho nitasimama kanisani niseme. Nilitaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu."

"Miaka saba, wifi, watoto wa watu wananiita Mla Kamusi."

"Najua. Jina hilo wamekupa wao, lakini chakula chake nilipika mimi. Wewe ulikosa mkunjo mmoja. Mimi nilikosa mtu."

Wifi alitazama barabarani kwa muda, mabasi yakiingia na kutoka. Macho yalikuwa yamemjaa, na alikasirika kwamba yamejaa. "Nenda, wifi," akasema, akamrudishia mkunjo. "Mwenye mwavuli anakuja sasa hivi." Mama alirudi nyumbani bila kujua kama amesamehewa, na hilo lilikuwa zito kuliko gundi.

Jumapili, baada ya matangazo, akanyanyua mkono. Mchungaji alimpisha akidhani ni habari ya vitabu vya nyimbo. Mama akasimama mbele, akauinua mkunjo ili wote wauone.

"Mlipiga makofi hapa kwa ajili ya kazi yangu," alisema. "Nilifurahi sana, sitadanganya. Kazi hiyo ina shimo. Kurasa hizi thelathini na mbili ni za Biblia ile, na zilikuwa nyumbani kwangu chini ya redio. Miaka saba iliyopita nilimfukuza mtu mezani kwa kosa hilihili, nikasema mkono wangu unajua kuhesabu. Mkono wangu haukujua kuhesabu. Ulijua kujisifu. Na nimezisoma kurasa hizi. Nawaambia ukweli, afadhali nimekosea, maana nisingezisoma mpaka nakufa."

Watu walitazamana, kila mmoja akimngoja mwingine aanze kunong'ona. Mchungaji akaenda kwenye Biblia, akafunua, akatafuta, akaona mwenyewe. Alikaa ameinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ratiba ya masomo," hatimaye akasema, "imenileta kwa nabii huyu mara mbili mwaka huu. Mara zote mbili niliona ni mkali, nikachagua zaburi. Laiti ningefungua, ningemsaidia mama huyu miezi tisa iliyopita." Akageukia watu. "Kuna aliyeona?" Hakuna aliyeona. Shemasi wa kwaya alitazama viatu vyake.

Ndipo mzee wa kanisa mmoja, mwenye nia njema, akasema jambo lisilo na madhara: kwa nini mama asizigandishe tu kwa gundi, yaishe?

"Haigandishwi!" Sauti ilitoka mlangoni. Watu wote wakageuka. Wifi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, na aproni yake ya zamani imekunjwa chini ya kwapa. "Samahani, Mchungaji. Ila mkunjo haugandishwi. Kitabu kinafumuliwa chote, kinashonwa upya. Ni kazi ya watu wawili."

Mama Mgongo alifunika uso kwa mkunjo ule, na nabii akapata machozi yasiyokuwa kwenye mpango. Mzee, kwenye benchi lake, akashindwa kujizuia. Akasimama wima. "Yule ni mke wangu," akatangaza, "na yule pale ni dada yangu!" Safari hii hakuna aliyemwona mjinga.

Ilichukua wiki tatu. Meza ile ndefu ilipata tena viti viwili, na sindano ya wifi ilitoka kwenye nta ilimokuwa imechomekwa. Mama hakuwahi kuiondoa. Walihesabu mikunjo kwa sauti, mara tatu, mmoja akihesabu kwenda na mwingine kurudi, na kila pembe ikapata namba ya penseli. Mchungaji akaja na ombi. Maadamu Biblia ilikuwa imefunguka yote, kuliko itakavyowahi kufunguka tena, alitaka watu wapite dirishani alasiri, na kila mkunjo kabla haujashonwa usomwe kwa sauti, hasa zile pande ambazo hakuna aliyezijua. Wakapita. Shemasi wa kwaya alisoma sheria za usafi wa vyombo kwa uzito kama anatangaza vita. Mwalimu mstaafu, yule wa zaburi za kuomboleza, aliangukia habari ya watu wanaorudi kutoka uhamishoni wakicheka kama waotao ndoto, akaomba aisome mara mbili. Watu waliuliza maswali ambayo mchungaji hakuwa na majibu yake, naye akasema hana, akaahidi kwenda kutafuta, na akatafuta. Mzee alizima redio saa zile bila kuambiwa. Zamu ya mkunjo wa thelathini na moja ilipofika, hakuna aliyeusoma ila Mama Mgongo mwenyewe, na Mzee wa Kengele alikaa chini ya dirisha akiwa amefunga macho.

Ndani ya jalada la nyuma mhuri wa buluu haukurudi. Waliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: mikunjo 42, imehesabiwa na wawili.

Mwaka ukapita, na mawifi wakaenda kanisani siku ya kazi kuikagua Biblia yao. Wifi alipitisha kidole kwenye mgongo, akaridhika. Mama alisita. Mchezo wake wa zamani hakuwa ameucheza tangu siku ile ya mbao, na Biblia hii hakuwahi kuijaribu kamwe.

"Fanya," wifi akamwambia. "Unaogopa nini?"

Aliogopa ramani za nyuma, hilo ndilo aliogopa. Akakisimamisha kitabu kwa mgongo juu ya mimbari, akakishika kwa viganja viwili, akaachia. Kurasa ziliyumba huku na huku, zikagawanyika, zikalala. Ukuta. Timazi. Mchunga mifugo. Na msidhani ni ujanja wa uzi, maana mkunjo ule ulikazwa sawasawa na wenzake, na aliyeukaza hakosei.

Wifi akainama karibu. "Tazama pembe," akasema. Pembe za kurasa zilikuwa zimekuwa nyeusi, zimepata mafuta ya vidole, vidole vya watu wengi, vya wakubwa na wadogo, na mahali pamoja palikuwa na alama ya gumba lililotoka kula kitu. Mama Mgongo amewahi kumfukuza mteja dirishani kwa uchafu mdogo kuliko ule. Alikuwa tayari na kitambaa mkononi. Akaitazama alama ya gumba, na akajivuna, akajivuna kuliko siku ya makofi, kifua kikamjaa mpaka akacheka peke yake.

Akakikunja kitambaa, akakirudisha mkobani kikiwa kikavu.